Gari Haipiti Hapa

Leo nawachukua hadi Bourgogne, upande wa mashariki ya kati ya Ufaransa, nchi ya vilima vinavyofuatana kama mawimbi, mizabibu kwenye miteremko na ng'ombe weupe mabondeni. Tutakwenda kwa baiskeli. Aliyewahi kusukuma baiskeli mlimani kwenye jua la mchana ameshaguna hapo alipo. Agune, lakini asizime redio, maana katika nchi ile ya vilima kuna njia ya kilomita 70 hivi ambayo hata bibi wa miaka 70 huimaliza akiwa juu ya kiti chake, bila kushuka kusukuma, na bila gari hata moja kumpigia honi.

Nianze na hofu, kwa sababu hata mimi nilianza na hofu. Aliyenitoa nyumbani ni shemeji yangu, mzaliwa wa Bukavu ambaye amekaa Lyon miaka mingi. Tulishuka treni asubuhi Chalon-sur-Saône, baiskeli mbili, mikoba imefungwa kwenye keria, chupa za maji zimejaa. Kwa haraka zetu tukafuata barabara ya magari badala ya kuuliza njia. Hatukufika mbali. Lori lilinipita ubavuni, karibu kiasi kwamba upepo wake ulinivuta kwanza, kisha ukanitupa pembeni kwenye majani. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli amwachie nafasi ya mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Ile haikuwa hata nusu mita. Nikasimama. Mikono ilikuwa inatetemeka kwenye usukani. Shemeji hakusema neno la kunihimiza. Aligeuza baiskeli yake tu, nami nikamfuata, tukarudi mpaka tukakiona tulichopaswa kukitafuta tangu mwanzo: kibao cha bluu chenye picha ya mtu wa miguu na baiskeli.

"Shemeji, pumua sasa," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Gari haipiti hapa."

Njia yenye kibao hicho Wafaransa huiita voie verte, yaani njia ya kijani. Jina hilo limo katika sheria zao za barabarani tangu Septemba 2004, na maana yake ni njia iliyotengwa kwa watu wa miguu, wapanda farasi na vyombo visivyo na injini. Baiskeli yenye betri ya kumsaidia mtu kukanyaga inaruhusiwa, kwa kuwa sheria huihesabu kuwa baiskeli. Njia yenyewe ina umri mkubwa kuliko sheria. Kipande cha kutoka Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa mwaka 1997, na Wafaransa wenyewe hukitaja kuwa njia ya kijani ya kwanza nchini mwao. Leo ziko nyingi: nyingine zinafuata kingo za mifereji ya zamani ya mashua, nyingine zinapita misituni, nyingine zinaungana na kuvuka mipaka ya nchi. Mimi nazungumzia hii moja, kwa sababu ndiyo niliyoipitia kwa miguu yangu.

Sasa, kwa nini njia ipite kwenye nchi ya vilima na yenyewe isiwe na mlima? Kwa sababu ilikuwa reli.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama tairi la mpira linavyoshika lami. Mwinuko ukizidi kidogo, magurudumu ya kichwa cha treni huzunguka pale pale na behewa halisogei. Mhandisi wa karne ya 19 kwa hiyo hakuwa na uhuru wa kupanda kilima kama mchunga mbuzi. Penye kilima alikipasua, penye bonde akajaza udongo akainua tuta, penye mto akajenga daraja la mawe, na penye mlima usiopasulika akautoboa handaki. Alifanya hivyo kilomita baada ya kilomita ili mwinuko uwe mita 1 kwa kila mita 100, pengine 2, mara chache sana 3. Fikiria ni sururu na mikokoteni mingapi iliyofanya kazi hiyo. Treni zikapita miongo kadhaa, kisha zikakoma. Reli zikang'olewa, mataruma yakaondolewa. Kazi ya kusawazisha ardhi ikabaki pale pale.

Miguu huijua hesabu hiyo kabla ya kichwa. Unakanyaga, unakanyaga, unaona pumzi imeongezeka kidogo, unashusha gia moja, basi. Baada ya nusu saa unageuka nyuma, unakuta umeliacha bonde chini kabisa, na hukumbuki ulipanda wapi.

Katika kijiji kimoja baada ya Buxy tulisimama kwenye nyumba ya stesheni. Jina la kijiji bado liko ukutani kwa herufi kubwa. Sasa ni nyumba ya watu: kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka kwenye nguzo ya paa, na kwenye jukwaa la abiria kuna vyungu vya maua na baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Mbele ya jukwaa, mahali ambapo reli zilipita, kuna lami laini inayotosha baiskeli tatu kwenda sambamba. Nilichuchumaa nikagusa ukingo wa jukwaa. Ni jiwe la chokaa la kwao, lenye rangi ya asali, na limelika katikati kama ngazi ya msikiti wa zamani. Nadhani ndipo mlango wa behewa ulipokuwa ukisimama. Watu walishukia hapo na vikapu vyao siku za soko, vijana wakapandia hapo kwenda vitani 1914, na wengi wao hawakushuka tena. Mtoto wa nyumba ile akatoka, akatuangalia, akaitwa ndani kula.

Ufaransa ya karne ya 19 ilikuwa na homa ya reli. Mwaka 1879 waziri wa kazi za umma, Charles de Freycinet, alipitisha sheria ya kupeleka treni hata kwenye miji midogo ya wilaya, maelfu ya kilomita za njia mpya juu ya zile zilizokuwapo. Zilijengwa kweli. Kisha likaja basi la abiria, likaja lori, likaja gari la familia. Mwaka 1938 kampuni za reli ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, SNCF, na tangu miaka hiyo njia ndogo za mashambani zikaanza kufungwa, leo hii, kesho ile. Gari ndilo lililoiua reli ya vijijini. Na reli ilipokufa ikaacha nyuma yake ukanda mrefu wa ardhi ambao gari halina ruhusa ya kuukanyaga.

Wako waendesha baiskeli hodari wanaozidharau njia hizi. Husema zimenyooka mno, ni tambarare mno, na pale kilima kilipopasuliwa huoni kitu ila kuta mbili za majani na kipande cha mbingu. Wana sehemu yao ya ukweli. Kuna nusu saa baada ya Saint-Gengoux-le-National ambayo sikuona kitu isipokuwa kivuli cha miti na mgongo wa shemeji. Lakini hao wanasema kama watu wenye mapafu ya chuma. Njia hii haikutengenezwa kwa ajili yao. Wao wana milima yote ya Alps. Mimi niliowaona njiani ni mzee na mkewe, nywele nyeupe, wanakwenda polepole wakiongea. Baba aliyefunga kigari cha mtoto nyuma ya baiskeli yake, mtoto amelala, kichwa kimeinama upande. Mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, anakisukuma kwa mikono yake mwenyewe, kidole kimoja kimefungwa plasta. Mnieleze ni barabara gani nyingine katika nchi ya vilima ingewapokea watu hao wote siku moja.

Na watu wa kawaida kama hao ndio walioeneza safari za baiskeli Ufaransa. Mwaka 1936 serikali ya Front Populaire iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Watu wa viwandani ambao hawakuwahi kuona bahari walitoka mijini kwa baiskeli, mume na mke juu ya tandemu, ile baiskeli ya viti viwili, hema limefungwa nyuma. Barabara zilikuwa bado zinawatosha. Miaka 30 baadaye barabara zile zile zilikuwa za magari, na mfanyakazi mwenye baiskeli akabaki kukimbilia majanini kama nilivyokimbilia mimi.

Tena yuko mtu mmoja ambaye lazima nimtaje, kwa sababu bila yeye nisingeshusha ile gia moja niliyoitaja. Jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853, akajulikana zaidi kwa jina la kalamu Vélocio. Aliishi Saint-Étienne, mji uliozungukwa na milima, akachapisha gazeti la waendesha baiskeli liitwalo Le Cycliste, na akapigania kwamba baiskeli iwe na gia zaidi ya moja ili mtu wa kawaida aweze kupanda mlima. Wakubwa wa mashindano hawakumsikiliza. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, aliona gia za kubadilisha zinawafaa waliovuka miaka 45. Mashindano hayo hayakuwaruhusu washindani wote kutumia mashine ya kuhamisha mnyororo mpaka 1937, na aliyeshinda mwaka huo huo, Roger Lapébie, alishinda akiwa nayo. Leo jina la Lapébie limepewa njia ya baiskeli karibu na Bordeaux, inayopita Créon hadi Sauveterre-de-Guyenne, vilima vitupu na mizabibu. Nayo pia ilikuwa reli. Vélocio hakuuona ushindi wake. Alikufa 1930, mjini kwake: alikuwa anatembea na baiskeli yake mkononi, akarudi nyuma kulikwepa gari, akagongwa na tramu.

Tuendelee na safari. Baada ya Cormatin shemeji alisema, "Shemeji, hapa tunatoka njiani kidogo." Akaelekeza kilimani, mnara mdogo wa kanisa, miti, mapaa. Hapo ni Taizé. Kutoka kwenye njia ya kijani hadi juu ni mwendo mfupi, lakini ni barabara ya kawaida, na baada ya saa tatu za mwinuko wa treni kile kilima kidogo kilinikata pumzi. Nilishuka nikasukuma. Ndipo nilipoelewa vizuri kuliko kwa hesabu yoyote kazi aliyoifanya yule mhandisi wa reli.

Agosti 1940, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani, kijana wa Kiswisi wa miaka 25, Roger Schütz, alifika kijijini pale akitokea Geneva kwa baiskeli. Alipata nyumba, akakaa, akawahifadhi humo watu waliokuwa wanakimbia vita, Wayahudi wakiwamo. Kutokana na nyumba hiyo ilizaliwa jumuiya ya mabradha wa madhehebu mbalimbali ya Kikristo, na vijana wakaanza kumiminika kutoka pande zote za dunia, kusali na kuimba nyimbo fupi zinazorudiwa mpaka moyo unatulia. Baadhi ya wasikilizaji wangu wanawajua mabradha hao bila kufika Ufaransa: Novemba 2008 waliwakusanya vijana Nairobi, na 2012 wakawakusanya Kigali. Tulikaa kanisani robo saa. Nje palikuwa na baiskeli zimeegemezwa ukutani, nyingi zina mikoba kama yetu, na vijana wawili walikuwa wamepindua moja wanaziba pancha. Kwa mtu aliyefika pale kwa kukanyaga pedali, ile habari ya mwaka 1940 haisomwi tu, magoti yanaithibitisha.

Kutoka Taizé tulirudi chini kwenye njia, na kabla ya jioni tukaingia Cluny.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu Cluny ndiyo iliyonifundisha kitu kuhusu reli ile. Abasia ya Cluny ilianzishwa mwaka 910. Kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa 1088, lilifika urefu wa mita 187, na hakukuwa na kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo mzima mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro kule Roma. Ukifika leo unatafuta kanisa hulioni. Unaona mnara mmoja, ubavu mmoja, misingi ya nguzo, na barabara ya mji inayopita mahali ambapo waumini walipiga magoti. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa abasia ilitwaliwa kuwa mali ya taifa, na mwaka 1798 ikauzwa kwa wafanyabiashara. Wao waliliona kanisa kuwa machimbo ya mawe. Wakalibomoa miaka na miaka, wakauza jiwe jiwe, likaingia kwenye kuta za maghala na nyumba za jirani. Aliyenunua mawe mia hakuharibu kanisa. Alinunua mawe mia tu. Lakini wanunuzi wote pamoja waliliharibu, na leo hakuna fedha ya kulirudisha.

Reli iliyokufa iko hatarini kwa namna hiyo hiyo. Shirika likiacha kuendesha treni, ukanda ule wa ardhi huwa kama hauna kazi. Jirani mmoja anaomba kipande kidogo aongeze bustani. Mwingine anataka kujenga banda la gari. Mkulima analima tuta likalingana na shamba. Kila ombi ni dogo, na kila mwombaji ana haja yake ya kweli. Lakini njia ya baiskeli ni kama kamba ya kisima: ukiikata mahali pamoja tu haifiki majini, hata kama sehemu nyingine zote ni nzima. Kilomita 40 zenye pengo la kilomita 2 maana yake ni kwamba mama mwenye watoto wadogo atafika kwenye pengo, ataona malori, atageuka. Kwa mama huyo njia inaishia pale.

Halmashauri ya jimbo la Saône-et-Loire ililiona hilo mapema, ikaushika ukanda ukiwa bado mzima na kuutia lami. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wenyewe. Lami na vibao ni kazi ya baadaye. Wako Wafaransa wanaopinga njia za kijani kwa sababu nyingine kabisa: wanasema kila reli inayogeuzwa njia ya baiskeli ni treni ambayo haitarudi kijijini, na mzee asiye na gari atasafiri na nini? Ni hoja nzito, nami siwezi kuipuuza. Ila hata anayetaka treni irudi angependa ukanda ubaki mmoja. Treni inaweza kurudi juu ya njia ya baiskeli. Haiwezi kurudi katikati ya jiko la mtu.

Asubuhi ya pili tulielekea kusini, kwenye kitu nilichokuwa nakisubiri tangu Chalon: handaki la Bois Clair. Mlima unasimama kati ya Cluny na bonde la Mâcon, na reli ya zamani iliutoboa kwa urefu wa kilomita 1.6. Kwanza unaona mdomo wa mawe yaliyochongwa kwa upinde, majani yananing'inia juu yake. Halafu baridi inakupokea kabla hujaingia, kama mtu aliyefungua mlango wa ghala la samaki. Ilikuwa siku ya joto. Nilisimama nikavaa sweta, na shemeji akacheka kwa sababu yeye alikuwa ameshavaa lake.

Ndani kuna taa hafifu. Sauti ya mnyororo, ambayo nje huisikii, humo inakuwa kubwa, inakwenda mbele yako na kurudi. Matone yanadondoka. Mtoto mmoja aliyekuwa mbali mbele yetu akapiga kelele ya furaha, na kelele ile ikatufikia ikiwa imegawanyika mara nne, mara tano. Kila hatua fulani ukutani kuna kijumba kilichochimbwa kwenye mawe, kimo cha mtu mmoja. Hapo ndipo fundi wa reli alipojibana treni ikija. Nikaingia kwenye kimoja, nikaegemea mgongo, na mbele ya pua yangu nikabakiwa na upana wa njia. Nikawaza behewa linapita hapo, moshi, chuma, giza, na mtu anahesabu mabehewa mpaka yaishe. Nikatoka upesi.

Na hapo karibu, juu ya mlima huo huo, inapita treni nyingine. Njia ya treni ya kasi ya Paris hadi Lyon, TGV, ambayo sehemu hii ilifunguliwa 1981, haina handaki hata moja. Mashine zake zina nguvu ya kupanda mwinuko wa mita 3.5 kwa kila mita 100, basi wahandisi wakaipitisha juu ya vilima badala ya kuvitoboa. Kwa hiyo treni mpya inaruka mlima kwa nguvu ya umeme, magari yanaupanda kwa petroli, na handaki la treni dhaifu ya makaa ya mawe likabaki kwa ajili ya viumbe wawili: mtu wa baiskeli na popo.

Ukitokea upande wa pili, nchi imebadilika. Mabonde ya malisho yameisha, mizabibu imerudi, mapaa yamekuwa na vigae vya mviringo kama ya kusini. Juu kwenye mwamba kuna ngome ya Berzé-le-Châtel. Na mwendo mfupi kutoka njiani kuna kijiji cha Milly, ambako alilelewa Alphonse de Lamartine, mshairi aliyezaliwa Mâcon 1790. Mimi sikwenda Milly kwa sababu ya mashairi. Lamartine alikuwa miongoni mwa viongozi wa serikali ya muda ya mwaka 1848, na serikali hiyo, kwa msukumo mkubwa wa mpinga utumwa Victor Schœlcher, ilitoa amri ya Aprili 27 iliyofuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Moja ya makoloni hayo ni kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na watu wa pwani yetu na wa bara walipakiwa merikebuni wakapelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika bahari hiyo. Desemba 20, 1848 amri ya uhuru ilitangazwa Réunion, na watu 60,000 hivi wakatoka utumwani, pengine wakiwamo wale ambao wazazi wao walizungumza lugha ninayozungumza nanyi sasa.

Nilimweleza shemeji habari hiyo tukiwa tumeegemea ukuta wa shamba la mizabibu. Alinyamaza muda, akafungua chupa yake, akanipa maji kwanza.

Kutoka hapo njia inateremka polepole hadi Charnay-lès-Mâcon, na mjini Mâcon iko stesheni. Njia ya kijani ilipoisha tulikiona kile kibao cha bluu, safari hii kimepigwa mstari mwekundu, na nyuma yake taa za barabarani, lori, basi, pikipiki. Tulishuka tukatembea na baiskeli mikononi, kandokando ya ukuta.

Kwa yeyote kati yenu aliye Paris, Lyon, Brussels au Geneva, au atakayepita huko kutembelea ndugu, nasema nendeni. Treni za kawaida za mikoani zinazopita Chalon na Mâcon hubeba baiskeli. Uliza kwanza kama msimu huo nafasi inawekwa mapema. Ukitafuta pa kulala, angalia alama ya Accueil Vélo mlangoni: nyumba zenye alama hiyo ziko ndani ya kilomita 5 kutoka njia ya baiskeli, zina pa kufungia baiskeli na vifaa vya kuzibia pancha. Huna haja ya baiskeli ya bei kubwa, wala ya mapafu ya mwanariadha. Beba pampu, tyubu moja ya akiba na sweta la handaki.

Nendeni kuanzia mwezi wa Aprili mpaka Oktoba. Baridi ikishika, mlango wa handaki la Bois Clair hufungwa ili popo walale humo bila kusumbuliwa, na mwendesha baiskeli anayefika wakati huo hana budi kuupanda mlima wenyewe.